Beringi ya Kulia

Sikio la kushoto la baba lilistaafu ualimu kabla yake. Tangu hapo kila jambo baya duniani hutokea kulia: radi hupiga kulia, majirani hugombana kulia. Kwa hiyo gari letu lilipoanza kunguruma kama mashine ya kukamulia alizeti, baba, akiwa ameshika usukani, alitoa hukumu kabla hatujatoka Unyambwa. Beringi ya gurudumu la mbele, upande wa kulia.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi tulitakiwa kushuka mteremko wa Sekenke kwa gari hilohilo, tukimpeleka mdogo wangu akaoe. Beringi ikifa kwenye zile kona, bibi harusi angesubiri sana.

Fundi wa mjini alikuwa mwanafunzi wa baba. Ni mtu mzima, ana upara na kitambi, lakini alitoa shikamoo akiwa ameficha mikono mgongoni, kana kwamba atakaguliwa kucha. Baba akamweleza tatizo, upande na sababu. Fundi akaitikia kila nukta. Kisha akamshauri avuke barabara akanywe supu ya kuku, maana nyundo zingemsumbua.

Baba alipovuka tu, fundi akapiga jeki. Alilishika gurudumu la kulia juu na chini, akalitikisa. Limetulia. Akahamia la kushoto, likacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Nikamuuliza atamwambiaje mzee.

"Yule ndiye aliyenifundisha kusoma," akasema. "Kumwambia amekosea siwezi. Kumwacha akafie Sekenke nako siwezi."

Akafungua la kushoto. Aligonga beringi ya zamani mpaka ikatoka, akasugua kutu, akaikandamiza mpya mahali pake, akafunga. La kulia hakuligusa tena. Baba aliporudi akifuta mdomo, alikabidhiwa beringi iliyokufa juu ya kitambaa. Akaizungusha karibu na sikio lake zima. Ikasaga kama ina mchanga.

"Nilisema kulia."

"Ulisema, Mwalimu."

Nilikuwepo, na nathibitisha kwamba hakuna aliyesema uongo.

Gari likanyamaza. Baba hakunyamaza, njia nzima alinifundisha namna ya kusikiliza gari.

Jumamosi alfajiri nilimkuta amechuchumaa na ndoo. Gurudumu la kushoto lilikuwa na alama za vidole vya grisi, na nati zake zilionekana zimefunguliwa juzi. La kulia lilikuwa na tope la wiki nzima, limeganda mpaka juu ya nati. Baba alikuwa akiosha la kulia, hilo tu. Nikamwamkia, nikajitolea kusaidia. Akasema anamalizia.

Sekenke tulishuka salama. Bwana harusi alisinzia kona zote. Tulipofika tambarare, baba akaondoa mkono mmoja kwenye usukani kwa mara ya kwanza.

"Yule fundi," akasema, "nilimpa hamsini na mbili ya sayansi. Nilimwonea."