Chai ya Ijumaa

Kwetu Suguti mtu akiongea hakatizwi. Baba akisimulia habari za ng'ombe wake, hata kama unajua fika anatia chumvi, unasubiri amalize. Ndiyo maana siku za kwanza katika kundi letu la fizikia, chuoni Butiama, nilimwonea huruma mwenzangu.

Tulikuwa watatu tu: profesa, mimi, na dada mmoja wa Bunda, mtoto wa wakulima wa pamba. Tulichunguza chembe ndogo kuliko zote bila kuziona wala kuzigusa, kwa ubao na chaki basi. Kila Ijumaa, chai ikishamiminwa, mmoja wetu alisimama kueleza hesabu zake. Yule dada hakuwahi kufika mstari wa tatu.

"Subiri, subiri! Hiyo umeitoa wapi?" Profesa alimrukia, akamnyang'anya chaki, wakabishana mpaka chai yao ikapoa. Mimi nikisimama, nilienda mwanzo hadi mwisho kama katekista. Profesa alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Sawa. Vizuri." Nikarudi bwenini kichwa kimenivimba.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba profesa yule alimkatiza mtu pale tu maneno yake yalipomgusa. "Vizuri" yake ilikuwa kama ile karibu ya chakula anayopewa mgeni wakati sufuria zimeshaoshwa.

Basi wivu ukanishika, wala sikuutafutia jina zuri. Nilimwonea wivu yule dada kwa mikono yake iliyojaa vumbi la chaki. Nilimwonea wivu anavyokemewa. Kibaya zaidi, alikuwa mtu mwema. Jumamosi alikwenda Musoma akarudi na sato, akanikaribisha, nami nikala sato wake huku nikimwombea mafua ya Ijumaa.

Kisha ikatangazwa nafasi moja ya shahada ya uzamivu, chini ya profesa huyohuyo. Angemchukua mmoja wetu baada ya kutusikiliza mara moja zaidi. Yeye alitangulia, na kama kawaida hakufika mstari wa tatu.

Ijumaa yangu ilipofika nilikuwa na ujanja. Katikati ya hesabu niliruka hatua moja makusudi, kama chambo, ili profesa anidake. Majibu yake nilikuwa nayo tayari. Nilipofika pale nikapunguza mwendo, hata nikakohoa. Profesa akakoroga chai. Nikaendelea, roho ikiniuma, mpaka karibu na mwisho.

"Kaka, subiri kidogo."

Alikuwa yule dada. "Pale juu kulikuwa na alama ya kutoa. Mbona huku chini siioni?"

Nikatazama. Haikuwa chambo changu. Lilikuwa kosa la kweli, na liliharibu kila kitu kilichofuata.

Profesa akainuka. Nakiri kwamba kwa muda mfupi nilifurahi. Akaja mpaka ubaoni, akachukua chaki mkononi mwangu, akampa yeye.

"Pole, kaka," akaniambia akipita. "Nilikuwaga nafikiri wewe hukoseagi."

Akafuta mistari yangu kwa kiganja. Profesa akamkatiza kabla hajaandika wa kwanza, wakaanza kubishana. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha yule dada, nikavuta kikombe changu, nikanywa chai yangu. Ilikuwa bado ya moto.