Ushuru wa Vitenge Vitatu

Siku hizi kazi yangu ina jina la heshima, mwanamitindo. Miaka ile ya kambi za wakimbizi, pale sokoni Lusahunga, waliniita sanamu. Sikukasirika. Ila sanamu la mbao halisikii njaa, na mimi nilikuwa nayo tangu alfajiri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Akina mama watatu walileta vitenge kutoka Kabanga, wakavitandaza chini, na watu wakavipita. Wateja walikuwepo: madereva wa malori ya chakula cha kambini wakitafuta zawadi za wake zao, wafanyakazi wa mashirika, hata wanawake wa kambini wenyewe. Basi mimi nikawa navaa kitenge, natembea kutoka kwa muuza chapati hadi mwisho wa soko, kisha narudi. Kikinunuliwa, napata changu. Na kwa kuwa sina subira, nilivaa vitatu kwa pamoja, kimoja juu ya kingine. Nikifika mwisho navua cha juu, narudi na cha pili. Watu walisimama kungoja cha tatu.

Hapo mkusanya ushuru akanidaka. Ushuru ulitozwa kwa kila kipande cha bidhaa.

"Dada, una vitenge vingapi?"

"Nimevaa, sijabeba."

"Mtu havai vitatu. Hiyo ni bidhaa. Utalipia vitatu."

Nikamweleza kwamba akina mama wameshavilipia asubuhi. Akasema wamelipia vilivyo chini, hivi vimesimama. Akahesabu mapindo kwa ncha ya kalamu, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Baada ya magulio matatu ya kulipa mara mbili, akina mama waliniita. "Mwanetu, tunakupenda, lakini kamba haitozwi ushuru." Gulio lijalo nilete karatasi ya kuonyesha kwamba mimi ni mfanyakazi na si bidhaa, la sivyo wataanika vitenge vyao kwenye kamba. Niliogopa kweli. Kazi ile niliipenda kupita kiasi, na jembe nilikuwa nimeshalisimanga mno hata nisiweze kulirudia kwa amani.

Nikapanda lori la ndizi hadi ofisi ya kodi Biharamulo, nikiwa na mfuko wa rambo uliojaa risiti za matumizi yangu. Nyingi ziliandikwa kwenye vipande vya daftari, maana muuza maziwa hana kitabu cha risiti. Ofisa alikuwa mzee wa miwani, na benchi la mbele yake lilikuwa limejaa watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Navaa."

"Hata mimi navaa."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, kisha nikasimama. Nilikuwa nimekuja na vitatu mwilini, bila shaka. Nikatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, nikavua cha juu, nikarudi. Mama mmoja wa kwenye benchi akauliza bei. Mwingine akauliza kama cha chini kabisa kina rangi ya kijani.

Mzee akaweka kalamu mezani. "Rudia," akasema.

Nilirudia. Baada ya hapo tukaingia kwenye matumizi ya kazi, yale yanayopunguza kodi. Viatu alivikubali. Mkaa wa pasi aliukubali. Mafuta ya kujipaka aliyakubali baada ya kuvitazama viwiko vyangu. Akafika kwenye maziwa.

"Maziwa! Hapa ni ofisi ya kodi, si kliniki."

"Mzee, huku kwetu nani atanunua kitenge kilichovaliwa na kijiti? Nikikonda mimi, biashara nayo imekonda."

"Nusu," akasema. "Nusu unakunywa kwa kazi, nusu kwa njaa."

Nilidai robo tatu. Akakataa katakata, nami nikajua nimefika kwa mtu mwenye akili.

Akagonga muhuri kwenye barua: mimi ni mvaaji wa maonyesho, nafanya kazi kwa malipo, na nilichovaa si bidhaa yangu. Kisha akanisogezea karatasi ya kodi. Nikaisoma mara mbili.

"Mzee, umenikadiria mwaka mzima?"

"Kwani unaacha lini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nyumbani, mama alikuwa ameshaniambia kwamba mchezo huo utakwisha maharage yakikomaa, na kila mtu alijua wakimbizi wangerudi kwao siku moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu kutoka gulio hadi gulio. Mzee yule peke yake aliiona miezi kumi na miwili, akaijumlisha bila kusita.

Nikalipa awamu ya kwanza, nikatoka nje nikitabasamu kama vile mimi ndiye niliyelipwa.