Mama Mkwe Ndani ya Nyambizi

Usiku ule nililala mapema kuliko kuku, kwa sababu asubuhi yake mimi na mke wangu Zawadi tulikuwa tuteremke chini ya ziwa, ndani ya nyambizi niliyoiunda kwa mikono yangu mwenyewe.

Najua inavyosikika. Mtaani kwetu walinicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuleta wageni waje kuiona. Mimi ni fundi wa matangi hapa Kigoma. Tangi la maji, la mafuta, la kukingia mvua, wewe leta vipimo tu. Na nyambizi yenyewe ilianza kama tangi, tangi la dizeli lililotupwa nyuma ya mashine ya kusaga. Nililisugua kutu wiki nzima, nikalitia mbavu za chuma, nikakata madirisha mawili na kuyaziba kwa plastiki ngumu yenye unene wa vidole vitatu. Viti viwili niliving'oa kwenye gari bovu. Ubavuni nikafunga vitangi viwili: vikijaa maji chombo kinazama, vikisukumwa hewa kutoka kwenye mtungi chombo kinaibuka. Rangi ni ya kijani, iliyobaki baada ya kupaka geti la mtu.

Haikuwa ya kazi yoyote. Ilikuwa ya starehe tu. Tangu tukiwa wachumba nilimwahidi Zawadi kwamba ipo siku nitamwonyesha samaki wa kwenye mawe, wale wadogo wa buluu na wa njano, anaosikia habari zao tangu utotoni. Zawadi amezaliwa kando ya Tanganyika na hajui kuogelea hata hatua moja. Nisipompeleka mimi, hatawaona.

Nilikuwa nimeizamisha tupu mara tatu, imefungwa kamba kwenye boti ya rafiki yangu Selemani, na mara zote tatu ilirudi kavu. Nilijisikia mkubwa, nisiseme uongo. Mpango wa asubuhi ulikuwa mwepesi. Sisi tunaingia kwa juu, Selemani anaweka kifuniko na kukaza nati nane kwa spana namba kumi na tisa, tunashuka pima nne, tunatazama samaki dakika kumi, tunaibuka, Selemani anafungua. Wiki tatu nyuma, nilipokuwa nabandika mpira wa kifuniko, Zawadi alisimama na sufuria mkononi akaniuliza, "Na sisi tulio ndani tunafungua na nini?" Nikacheka. Nikamwambia mambo ya ufundi amwachie fundi. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye maharage yake.

Aliyenijia usiku ule ni mama yake.

Bi Tatu, mama mkwe wangu, alifariki na sasa ni mwaka wa pili. Alikuwa muuza mawese sokoni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na kwa miaka kumi na tisa mimi na yeye hatukuwahi kuketi mkeka mmoja. Ndiyo desturi ya kwao na ya kwetu. Mkwe hapishani na mama mkwe mlangoni, hamkodolei macho, hali naye sahani moja. Akija kwangu alikuwa anakohoa tangu nje ya uwa ili nipate nafasi ya kujiondoa. Nikimwamkia natazama chini, ndiyo maana naweza kuapa kwamba vidole vyake vya miguu navijua kuliko uso wake. Siku aliyonikabidhi mwanawe aliniambia neno moja tu, akiwa ameugeukia ukuta: "Mkwe, nimekupa mtoto. Habari zake nitazisikia."

Basi niliota niko sokoni. Ni mchana mweupe, na hakuna mtu. Mafungu ya dagaa yapo, ndizi zipo, wenyewe hawapo. Kwenye kibanda cha mawese, Bi Tatu alikuwa anafanya kile alichokifanya kila siku ya uhai wake: anakaza kifuniko cha dumu, analigeuza kichwa chini juu ya kipande cha gazeti, anasubiri, kisha analitazama gazeti. Likiwa na doa jekundu, dumu haliuzwi. Nilisimama mbali, kwa heshima. Sikuogopa. Nilijua amekufa na nilijua ni yeye, na mambo hayo mawili hayakugombana kichwani mwangu.

Anageuza dumu la mwisho. Gazeti halina doa. Anafuta mikono kwenye kanga na kuniashiria kwa kidevu nimfuate, nami namfuata nyuma kwa hatua kumi kama inavyopasa. Tunapita kati ya vibanda, na ardhi inaanza kuwa ya mchanga, mchanga unakuwa na mawe, na juu ya mafungu ya ndizi wanapita samaki wa buluu, taratibu, wawili wawili. Maji yametufunika na kanga yake hata haijalowa. Nikawaza, laiti Zawadi angekuwapo. Moyo uliniuma kwamba nimewaona kabla yake.

Nyambizi yangu ilikuwa pale penye jiwe kubwa, na kifuniko kiko wazi. Sikumwona Bi Tatu akipanda. Nilimwona tayari ameketi ndani, kwenye kiti cha kushoto, kiti nilichokitengenezea Zawadi kwa sababu kina dirisha zuri. Amekunja mikono mapajani kama mtu anayesubiri gari liondoke. Kiti changu kiko wazi pembeni yake. Vile viti nimevibana sana. Mtu na mwenzake humo wanagusana magoti.

Nifanyeje? Kuingia siwezi. Kumwambia mama mkwe atoke kwenye chombo changu ni aibu kuliko kuingia. Nilisimama nikitazama mawe, masikio yanawaka moto, mtu mzima mwenye mvi.

"Funga," akasema.

Nilishukuru sana kusikia neno lile. Nikaweka kifuniko upesi, na spana ilikuwa mkononi, sijui ilifikaje. Nikakaza nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila nati niliyokaza nilipata nafuu kwa kuwa sasa kati yangu na yeye kuna chuma. Nane zote. Zilikaa vizuri. Nikapigapiga kifuniko kwa kiganja, kama ninavyofanya nikimkabidhi mteja tangi lake.

Kisha nikamwona kupitia dirishani. Ameinua mkono wake wa kulia na anapapasa upande wa ndani wa kifuniko. Hana haraka. Anapapasa kwa duara, akifika mwisho anaanza tena, kama mtu anayetafuta swichi ya taa katika nyumba ya ugenini. Anapapasa chuma kitupu. Nilikiunganisha mimi kile chuma, nikakipiga msasa mpaka kikawa laini, na kwa mara ya kwanza niliuona ulaini wake.

Nikaiweka spana kwenye nati nifungue. Nati inazunguka na haitoki. Naenda ya pili, inazunguka na haitoki. Samaki wanapita. Nikatazama juu nimwite Selemani na boti ilikuwa ndogo mbali huko, sawa na punje ya mchele, na Selemani amelala chali humo, kofia usoni.

"Mkwe," alisema Bi Tatu. Sauti ilitoka ndani ya chuma bila kupungua, na alikuwa amegeuza uso dirishani, ananitazama. Nami nikamtazama. Miaka kumi na tisa, na ndio kwanza naona kwamba ana kovu dogo juu ya nyusi, na kwamba Zawadi macho ameyatoa kwake. "Mkwe, komeo liko wapi?"

Nikamjibu kifundi. Hata ndotoni sikuacha ubishi. "Liko nje, mama. Matangi yote hufungwa kwa nje."

"Ndani ya tangi hukaa nini?"

"Maji, mama."

"Maji hayaombi kutoka."

Miaka yote nimeunda vyombo vya kuweka kitu, na kitu hakijawahi kunidai mlango. Nilipokata kile kifuniko mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mazoea: nati nje, ulaini ndani. Mara tatu nimezamisha, mara tatu nikafurahi imerudi kavu, na mara zote tatu hakukuwa na mtu ndani wa kuuliza.

Nadhani nililia. Maji yalikuwa kila mahali, kwa hiyo sina hakika.

Yeye hakukasirika. Aliweka kiganja kwenye plastiki ya dirisha na mistari ya kiganja chake niliiona yote. Ghafla tuko makaburini, siku ile ya kumzika, na spana mkononi mwangu imekuwa jembe, nami nafukia pamoja na wanaume wengine, huku nimeinamisha uso kwa heshima. Udongo ni mwekundu. Kisha jembe ni spana tena na kiganja chake bado kiko palepale.

"Mimi mmenifunga kwa nje," alisema, polepole, anavyosema mtu asiyetaka kurudia. "Mlinifunga vizuri, Mungu awalipe. Wa kufungwa hivyo ni mimi. Mwanangu, bado."

Nikasema, "Nimesikia, mama."

Akakohoa. Kile kikohozi chake cha nje ya uwa, cha kunipa nafasi ya kujiondoa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kikohozi kilikuwa cha jirani au cha nani, sijui. Zawadi alikuwa ameshaamka, amevaa, na kiunoni amejifunga kanga ya marehemu mama yake, ile ambayo huivaa kwenye safari na kwenye harusi tu. Mezani alikuwa ameweka chupa ya chai na vitumbua vya kumpelekea Selemani. Alikuwa anaimba chinichini. Sijui kama nimewahi kumwona amefurahi vile, na nilijua ni mimi nitakayeikatisha furaha hiyo.

"Mama amekuja," nikamwambia.

Akaacha kuimba. Akakaa kitandani. "Mama yangu?"

Nikamsimulia yote, soko, madumu, samaki, nati nane. Nilipofika pale alipoketi kwenye kiti, Zawadi alinikamata mkono.

"Aliketi ndani ya chombo chako? Na akakutazama usoni?"

"Usoni. Ana kovu hapa."

"Aliangukia jiwe la kusagia akiwa mdogo," Zawadi akasema, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Mama hakuwahi kukutazama, Baba Asha. Hata alipokuwa anaumwa aliniambia nikutoe chumbani. Akivunja heshima yake, basi ni kubwa." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Haya, alisema nini?"

"Aliuliza komeo liko wapi."

Nje mtu alikuwa anafagia.

"Swali hilo nilikuuliza mimi," akasema mwishowe. "Nikiwa hai. Nimesimama mbele yako na sufuria."

"Uliniuliza."

"Ukacheka."

"Nilicheka. Nisamehe, Mama Asha."

"Kwa hiyo wewe husikii mpaka mtu atoke kaburini."

Nikachukua simu nimpigie Selemani nimwambie leo hatuendi, kifuniko kinarudi karakana, kitatobolewa na kuwekewa komeo la ndani, na hakitagusa maji tena kabla sijajifungia humo nchi kavu na kujifungulia mwenyewe. Zawadi alinisikiliza mpaka nikakata simu. Alikuwa ameshaanza kuifungua kanga ya mama yake, anaikunja taratibu airudishe sandukuni kwa siku nyingine.

"Lifungulike hata kwa mkono wangu," akasema. "Na liwe upande wa kushoto."