Daktari wa Mwani

Siku tulipoulizwa darasani kila mmoja anataka kazi gani ya sayansi, wenzangu walitaja udaktari, urubani, uinjinia. Mimi nikasema, "Daktari wa mwani." Wallahi darasa zima liliangua kicheko, na mwalimu wetu wa biolojia akauma mdomo asicheke. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga, maana sikuwa na mzaha. Leo ndiyo kazi inayonilisha, na anayetaka kucheka na acheke.

Kwetu Micheweni mama alikuwa analima mwani, na msimu ule wa jua kali mwani ulikuwa unageuka mweupe na kukatika ungali kwenye kamba. Mama alikwishampata mkosaji: jirani yake wa shamba la pili, aliyepita akasema, "Ah, mwani wako umenawiri!" bila kutaja mashaallah ya kukinga kijicho. Tangu hapo salamu zilikatika. Ubani ukafukizwa, na mwani ukaendelea kufa.

Yule mwalimu aliyeuma mdomo ndiye aliyeniazima kipimajoto cha maabara. Nikapima maji ya kupwa. Pale shambani kwetu, karibu na ufuo, yalikuwa ya moto kama ya kumkandia mzazi. Kule mbele, yanakofika kifuani, yalikuwa na nafuu kubwa. Nikamwambia mama tuhamie huko.

"We mwana we! Miye nimefunga mwani kabla hujazaliwa. Leo unifundishe?"

Na fomu yangu ya kuchagua masomo ilikuwa inangoja sahihi yake. Yeye alitaka nisome biashara; sayansi, alisema, ni ya watoto wa mjini. Nikabisha, naye akabisha, ukaidi nimeurithi kwake. Mwisho tukawekeana sharti: nifunge kamba mbili kule mbele. Mwani ukifa, biashara. Ukipona, sayansi.

Nikazifunga kwa mikono yangu, maji yakinipiga kidevuni. Kisha nikangoja bamvu la pili, bahari ikupwe tena vya kutosha kufika kule.

Siku ilipofika, mama alitangulia. Akaiinua kamba ya kwanza kwa mikono miwili, maana kwa mmoja haikuinuka. Mwani ulikuwa umejaa, wa hudhurungi, hauna doa. Nilipiga vigelegele mwenyewe, peke yangu, katikati ya maji!

Mama hakunitazama. Aligeukia shamba la pili, akapaza sauti: "Shoga! Njoo uone mwani wa mwanangu."

Jirani akaja mbio, akasimama, akashika kifua. "Mashaallah," akasema. "Mashaallah, mashaallah, mashaallah!" Mama akacheka mpaka akashikilia kigingi asianguke.

Jioni ile alitia sahihi, taratibu, herufi kwa herufi. Akanisukumia ile fomu.

"Haya, daktari," akasema. "Sasa nambie kamba zangu zilizobaki nizihamishie wapi."