Mtandao wa Nguzo na Mtandao wa Chumbani

Siku tuliyopanga kuongea na kaka kwa kompyuta, mama alivaa kitenge chake cha misa. Miaka mitatu kaka alikuwa nchi ya baridi, sauti yake hatujaisikia, na huko aliazimwa kompyuta kwa saa moja tu.

Mimi ndiye niliyemwahidi mama. Nilikuwa nimesoma kompyuta wiki sita hapo kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole, basi nikajiona fundi kabisa. Nje ya chumba cha mafunzo palikuwa na nguzo ndefu yenye kisahani kinachotazama mnara wa mlimani, upande wa Ngara. Ndani, juu ya kabati, boksi dogo lenye taa za kijani.

Kaka alipatikana, ila sauti ikawa inakatika-katika. Mama akasema twende kwenye kichuguu, maana hapo ndipo kambi nzima ilipokuwa inapanda kutafuta mtandao wa simu. Nikaona kweli. Mwalimu alikuwa nje anatia mafuta kwenye jenereta. Nikaibeba laptopu, mama nyuma yangu. Kufika juu ya kichuguu, kimya.

Mama akaitazama. "Mtandao gani huu unaoogopa jua?"

Mwalimu alitufuata mbio, kandambili moja mkononi. Hata hivyo alimwamkia mama kwanza, shikamoo, akasubiri marahaba, ndipo akanigeukia. Akanieleza kwamba mtandao wa nguzo unaruka kilima hadi kilima, mradi usizibiwe njia, lakini unaishia kwenye kisahani. Anayeugawa kwa kompyuta ni boksi la kabatini, na nguvu yake ni kama joto la mafiga, ukisogea mbali hulisikii.

"Ule wa mlimani unafika mbali, ila wewe haukujui," alisema. "Huu mdogo ndio unaokujua. Kaa nao karibu."

Tukarudi. Akawaomba wanafunzi wenzangu wafunge kompyuta zao, kwa kuwa njia ilikuwa moja na sote tulikuwa tunaigombania. Ilibaki robo saa. Mama akaketi chini, ameegemea kabati, kompyuta juu ya kitenge.

Kaka akauliza mama amekula nini. Tulikuwa tumekula mahindi ya mgao.

"Ndizi na nyama," mama akajibu.

Kaka akasema, "Mama, bado hujajua kudanganya."

Mama akacheka mpaka machozi, na kaka huko naye akacheka, hakuna aliyekatika. Saa ikaisha hivyo hivyo, wanacheka.