Mwalimu Aliyesubiri Kamati

Kila asubuhi, kabla ya kubandika chai, mama mdogo alinawa mikono, akasimama mbele ya rafu, akasoma ukurasa mmoja wa Biblia. Akairudisha, akanawa tena, akasoma ukurasa mmoja wa Kurani yenye tafsiri. Rafu yenyewe alimwagiza seremala aitengeneze ya ngazi moja tu, ili kitabu kimoja kisikae juu ya kingine. Bibi, yaani mama yake mzazi, alikuwa akimtazama kutoka mkekani.

"Siku ya kiyama wewe utapanga foleni ipi?"

"Nitauliza getini, mama."

"Utakuta wameshafunga."

Mimi ni mtoto wa marehemu dada yake. Shule niliiacha darasa la tano, mama alipofariki, nikaletwa kwake. Nilipika, nilifua, na maneno ya nyumba ile niliyasikia yote kwa kuwa hakuna anayemnyamazia mtu asiyesema.

Mama mdogo alifundisha dini shule ya sekondari. Kipindi kikifika, wanafunzi wa kanisani hubaki darasani na wa msikitini hubeba viti kwenda bwaloni kwa mwalimu wao. Mwaka ule vurugu zilipotokea mtaani kwetu, aliwaona watoto wakibeba viti huku miguu ya viti imeelekezwa mbele, kama watu wanaojikinga. Aliporudi nyumbani hakula. Mwezi uliofuata akajiandikisha chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili, elimu ya dini na upatanishi wa waumini. Bibi alisema umri ule watu husomea wajukuu. Mama mdogo hakuwa na mume wala mtoto, akacheka tu.

Vurugu zilianza kwa madirisha ya kanisa kupigwa mawe. Wiki haijaisha, bucha la muumini mmoja wa msikitini likachomwa moto, na mdogo wa mwenye bucha alikuwa amelala ndani, hakutoka. Hakuna aliyekamatwa, si wa mawe wala wa moto. Watu wakaendelea kusalimiana huku wakitazamana miguuni.

Utafiti wa mama mdogo ulikuwa ni kuwakalisha pamoja akina mama wa pande zote mbili, kila Jumamosi, katika darasa lake. Mtindo wake aliuita kuvaa kinywa. Wanakaa wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wananong'onezana jambo lililowaumiza. Kisha kila mmoja anasimama mbele ya wote na kusimulia la mwenzake kama lake, kwa kusema "mimi". Simu ziliachwa kwenye beseni mlangoni, nikizilinda mimi. Kila mmoja aliapa kwa kitabu chake kwamba linalosemwa mle halitoki.

Siku iliyotuharibia, fundi cherehani alipangwa na muuza mkaa. Fundi ni wa msikitini, rafiki wa mama mdogo, mwanamke wa maneno mengi.

"Mwalimu, unatupanga kama maharusi. Haya, mwenzangu, usinishike na mikono hiyo, shela langu jeupe."

"Nikikushika ndipo utapendeza," muuza mkaa akamjibu.

Wakacheka. Wakanong'ona muda mrefu kuliko wengine. Fundi alipoinuka kusimulia, utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mimi nilifua shati la mwanangu," akasema. "Lilinuka mafuta ya taa. Nililifua, nikalirudia, sikumuuliza kitu. Mpaka leo namwekea chakula, anakula, na mimi namtazama vidole."

Muuza mkaa alikuwa amefunika uso. Fundi alirudi akakaa, akamkumbatia na shela lake jeupe. Darasa zima lililia. Jioni mama mdogo aliandika bila kuinua kichwa. Aliniambia, "Mwanangu, leo nimeona kitu." Sijawahi kumwona na furaha kama ile, wala sikumwona nayo tena.

Kumbe mle darasani kulikuwa na simu nyingine, imefichwa ndani ya nguo ya mtu, inarekodi. Ya nani, mpaka leo hatujui. Kesho yake sauti ya fundi ilikuwa inatembea mtaani, imekatwa vizuri: hakuna kunong'ona, hakuna mwalimu, hakuna muuza mkaa. Ni fundi tu anasema mwanawe alirudi ananuka mafuta ya taa.

Na fundi ana mtoto mmoja, wa kiume, mrefu mwembamba, tukimwita Kimbaumbau. Alifanya kazi tanuri la mikate. Kabla ya hapo alifanya pale buchani, akafukuzwa kwa kuchelewa. Watu wakaunganisha. Wa msikitini ndio waliowaka zaidi, maana ni mtoto wao.

Fundi alikuja mchana, hata hodi hakumaliza.

"Mwalimu, waambie."

"Umewaambia wewe?"

"Nimewaambia ni mafunzo, tulikuwa tunavaa vinywa. Wananicheka. Wanasema, nani anayesema 'mimi' akamaanisha mtu mwingine? Wewe wakikusikia wataamini. Wewe ni mwalimu."

Mama mdogo alikaa chini. "Nikisema si yako, watauliza ni ya nani. Madirisha yalikuwa wazi, watu waliona nani kakaa na nani."

"Mimi simtaji. Nimemwapia. Sema tu si yangu."

"Ni kumtaja huko huko, dada yangu. Watakwenda kwake."

"Kwa hiyo afadhali waje kwangu?"

Bibi alikuwa anamenya viazi, akaacha kumenya.

"Nipe nafasi niulize chuo," mama mdogo akasema baadaye. "Kuna kamati. Kazi yake ni kuwalinda washiriki wa utafiti."

"Washiriki ndio sisi?"

"Ndio nyinyi."

"Na wanakaa lini hao walinzi?"

"Alhamisi."

Fundi alimtazama kama anayempima nguo. Akasema, "Haya, mwalimu," akaondoka.

Profesa aliyemsimamia alimwambia kwenye simu asifungue mdomo. Akivunja ahadi ya siri, utafiti wote unafutwa, na hata sheria inaweza kumshika. Asubiri kamati. Mama mdogo alikwenda kwa muuza mkaa kumwomba ruhusa mwenyewe, akakuta kufuli mlangoni na magunia matupu uani. Mama na mwana walikuwa wameshahama. Alirudi akakaa na simu mapajani.

"Wamekimbia hao," Bibi akasema. "Sasa unamficha nani? Sema."

"Sijaruhusiwa, mama."

"Na nani?"

Alhamisi ilikuwa bado. Kimbaumbau alikamatwa na umati anatoka tanurini, unga mikononi, akapigwa barabarani, watu wakipita na vikapu. Wanasema alikuwa akirudia neno moja: muulizeni mwalimu. Wapo waliokuja kweli, mbio, lakini walitukuta tayari tunasikia kilio.

Kamati ilikaa. Ikaruhusu mwalimu atoe maelezo ya jumla bila kutaja majina.

Msibani mama mdogo alisimama ukutani. Fundi hakumfukuza, hakumlaumu, hakumsalimia. Watu walisubiri amtukane, na nadhani mama mdogo ndiye aliyesubiri zaidi.

Miezi ikapita. Profesa alimshauri jambo lile aliweke kwenye maandishi madogo chini ya ukurasa, kwa kuwa lilitokea nje ya utafiti. Akaweka. Siku ya kutetea kazi yake mbele ya wataalamu, ndugu waliruhusiwa kukaa nyuma, nikaenda mimi. Bibi alikataa, alisema miguu inauma.

Walimsifu. Mmoja alisema kuvaa kinywa ni mbinu inayofaa kuingizwa katika kitabu cha walimu, shule zote. Mwingine, mwenye miwani, akafunua kurasa.

"Hapa umeandika kwamba washiriki wote walitoka salama. Una ushahidi?"

Mama mdogo aliutazama ukurasa hadi Profesa akakohoa.

"Hapana," akasema. "Hawakutoka salama. Mmoja nilimwambia asubiri, akazikiwa mwanawe. Neno lilikuwa mdomoni mwangu."

"Hilo lipo pale chini," yule wa miwani akasema kwa upole. "Tumeliona. Limeandikwa vizuri."

Mwenyekiti akatabasamu. "Basi, mwalimu, tupishe kidogo. Toka nje tujadiliane, tutakuita."

Ndio utaratibu wao, kila mtahiniwa hutolewa. Mama mdogo aliinuka, akaacha makaratasi yake mezani, akanipita bila kunitazama, akafunga mlango taratibu. Walijadiliana muda mfupi sana, wakicheka. Kisha mwenyekiti akasema, "Mwiteni aje tumpongeze," na kwa kuwa nilikuwa karibu na mlango, nikaenda mimi.

Nje hapakuwa na mtu. Mlinzi wa getini aliniambia mwalimu ametoka, hakuulizia usafiri, amekwenda kwa miguu. Nyumbani hakufika, siku ile wala nyingine.