Ngozi Sebuleni kwa Mama

Nimeona upuuzi mwingi, lakini ule uliobisha hodi kwetu Makongeni, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, ulikuwa umevaa tai. Alikuwa bwana mmoja wa kampuni ya kutembeza wageni. Alizunguka mtaa mzima akitafuta nyumba safi, ili watalii waone watu wa Nairobi wanavyoishi, akachagua yetu.

Mama alifurahi mno. Juma zima alifua vitambaa vyake, vile vyeupe alivyovifuma kwa mkono vya kufunika viti, meza na redio, akavitia wanga na buluu mpaka vikakakamaa. Hakuna nyumba katika mitaa yetu ya Eastlands iliyokosa vitambaa, lakini vya mama vilisifiwa mpaka mtaa wa Ziwani. Alitaka wageni wavikalie, wanywe chai, warudi kwao wakisema wamepokewa.

Siku yenyewe yule bwana alitangulia na gari lililojaa takataka: ngozi ya ng'ombe inayonuka, vibuyu, mkuki. Viti vikavuliwa vitambaa, redio ikasukumwa chini ya kitanda pamoja na picha ya harusi. Mama alipouliza vitu vyake vina kosa gani, alijibiwa kama mtoto.

"Mama, hivi wanavyo kwao. Wamekuja kuona Afrika."

Baba, karani asiyewahi kushika kitu kikali kuliko penseli, akakabidhiwa mkuki. Wageni waliingia, wakapiga picha, wakatoka. Chai ikapoa jikoni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu walikuja, mwenyeji akasukumwa uvunguni. Wageni sikuwachukia, maana waliona walichoonyeshwa. Ninayemdharau hadi leo ni yule mwenzetu aliyetuonea haya bila kutumwa na mtu. Ngozi yake aliiacha, eti ya kundi lijalo, na mama akaitupa nyuma ya mlango akifuta machozi.

Kundi halikuja. Alikuja mwanamke aliyevalia vizuri, akajitambulisha kuwa mke wa bwana yule. Walikuwa wamehamia nyumba mpya, na mumewe alimwagiza aje kwa mama atafute vitambaa vya seti nzima ya viti, vilevile alivyoviona kwetu.

Mama alimpa chai kwanza, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kumnyima mgeni. Mgeni alipomaliza kikombe, mama alikwenda nyuma ya mlango, akarudi na ile ngozi, akamwekea mapajani.

"Mwambie akalie hii," alisema. "Vitambaa wanavyo Ulaya."